Ramani ya Simu Haijui Rhonda Inatembea Vipi, na Hiyo Kazi ni Yetu

Wasee wa Nakuru, leo niko na maoni ambayo najua yataudhi watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaoamini kila kitu simu inawaambia. Wa pili ni wale wanaosema, "Mimi nimezaliwa Rhonda, ramani ni ya wageni." Nyote mko na nusu ya ukweli, na leo nataka tuunganishe hizo nusu mbili.

Maoni yangu ni haya: programu za ramani kwenye simu ni kifaa kizuri sana cha kupanga safari ya miguu, tena hakihitaji pesa nyingi. Lakini mtaani kwetu zitaendelea kutuzungusha mpaka sisi tunaotembea tuziwekee njia zetu wenyewe. Hakuna mtu wa California atakuja Pondamali kuhesabu vichochoro.

Tuanze na nani anatembea. Simama kando ya barabara ya kuingia town saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Utaona vijana wa mjengo na mifuko yao, wamama wanaokwenda kufulia watu nguo, wafanyakazi wa viwandani, watoto wa shule wameshikana mikono. Huku kwetu kutembea si mambo ya Jumamosi na viatu vya bei. Ni nauli iliyobaki mfukoni. Matatu ikipandisha bei kwa sababu kumenyesha, watu wanaongezeka miguuni siku hiyo hiyo.

Na ni hatari. Takwimu za NTSA kila mwaka zinarudia jambo moja: kati ya watu wanaokufa kwenye barabara za Kenya, waenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi. Kwa hivyo swali la "nipitie wapi" si swali dogo. Ukimtoa mtoto kando ya lami ukampitisha njia ya ndani iliyo salama, umempunguzia hatari kila siku, kwenda na kurudi.

Sasa fungua programu yoyote ya ramani. Weka mwanzo Rhonda, weka mwisho upande wa pili wa mtaa, halafu chagua kale kapicha ka mtu anayetembea. Mara nyingi utapewa nini? Barabara kubwa. Unazungushwa kama matatu. Mimi nimeshapima njia moja ninayoitumia kila wiki: kwa vichochoro ni dakika kumi na mbili kwa mwendo wa kawaida, lakini simu inasema thelathini na moja. Simu haidanganyi. Inasema kile inachojua, na haijui kichochoro changu.

Kwa nini haijui? Hapa ndipo watu wengi hawaelewi, wacha nieleze kwa ufupi. Ramani inayokuonyesha njia si picha. Picha ya setilaiti unayoona ni mapambo tu. Chini yake kuna mtandao wa mistari na vidoti: kila njia ni mstari, kila makutano ni kidoti. Programu inatafuta jinsi ya kutoka kidoti kimoja hadi kingine kwa njia iliyo fupi. Hesabu yenyewe ni ya zamani, Mholanzi Edsger Dijkstra aliichapisha mwaka 1959, na zinazotumika leo zimejengwa juu ya wazo hilo. Kwa hiyo njia ambayo haijachorwa haipo. Hata kama watu elfu moja wanaikanyaga kila asubuhi mpaka nyasi hazioti, kwa simu hapo ni ukuta. Na hata njia ikichorwa, kama yule aliyeichora hakuiunganisha na barabara, mwisho wake ukabaki mita moja kando, programu inaona pengo na inakuzungusha.

Halafu kuna mambo ya majina. Sisi tunasema Rhonda. Kwenye orodha ya wadi za Nakuru Town West imeandikwa Rhoda. Jirani yetu tunamwita Kaptembwa, wadi inaitwa Kaptembwo. Na hapo karibu kuna London, ile ya dampo la Gioto. Jaribu kuandika "London" kwenye simu uone kama hutapelekwa Uingereza! Mtu wa hapa anacheka, lakini dereva wa gari la wagonjwa aliyetumwa kutoka mbali hacheki.

Na hilo la gari la wagonjwa ndilo linaloniuma kabisa. Wengi wetu tumeshaishi ule usiku. Kuna mgonjwa ndani ya ploti, pengine mathe ana uchungu wa kujifungua. Gari limefika stage, dereva anapiga simu: "Niko hapa, niingilie wapi?" Unaanza: pita kanisa la mabati, ukiona kibanda cha M-Pesa kata kushoto, uliza kwa Mama Fulani. Saa nane usiku kibanda kimefungwa na Mama Fulani amelala. Mwishowe vijana wanambeba mgonjwa kwa blanketi hadi barabarani. Ramani sahihi ingeonyesha kichochoro kipi gari linaweza kuingia na kipi ni cha miguu tu. Hiyo tofauti peke yake inaweza kuokoa nusu saa, na wakati mwingine nusu saa ndiyo maisha ya mtu.

Sasa nigeukie upande wa wale wanaodharau simu. Bana, kuna vitu simu inaweza ambavyo hata mzee aliyekaa hapa miaka arobaini hawezi.

Kwanza, GPS haili bando. Simu yako inapokea mawimbi kutoka kwa setilaiti, haitumi kitu. Ikizipata setilaiti nne au zaidi inajua uko wapi, na penye uwazi inakosea mita kama tano hivi. Mpaka Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyachafua mawimbi ya raia makusudi, ukaweza kukosea hadi mita mia moja. Siku hizi ni bure na ni sahihi. Kinachokula bando ni kupakua picha ya ramani. Kwa hiyo pakua ramani ukiwa mahali pa waifai, halafu utembee bila bando kabisa. Programu kama Organic Maps na OsmAnd zimetengenezwa kwa kazi hiyo, na zote mbili zinasoma ramani ya OpenStreetMap, ambayo nitairudia.

Pili, simu inajua milima. Chukua safari ambayo kila kijana wa Nakuru ameifanya au ameahidi kuifanya, Menengai. Mji uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa juu wa kreta unafika 2,278. Hiyo ni zaidi ya mita 400 za kupanda. Programu nyingine zinahesabu umbali tu kana kwamba ardhi ni meza. Kuna kanuni ya mpanda milima Mskoti anayeitwa Naismith, ya mwaka 1892, na ni rahisi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 unazopanda. Ukitembea kilomita 8 na kupanda mita 400, ni saa moja na dakika 36 za umbali na dakika 40 za mlima. Jumla saa mbili na robo, kabla hujapumzika, kabla hujapiga picha. Ukiwa na rafiki ambaye hajazoea, ongeza tena. Mtu akipanga hivyo hatoki nyumbani saa tisa mchana na chupa moja ya maji, akashikwa na giza kule juu.

Na kuteremka ndani ya kreta ni habari nyingine. Bonde lile lina upana wa kilomita kama 12 kwa 8, kina chake ni karibu mita 480, chini ni mawe ya lava na vichaka, na kuna eneo ambalo kampuni ya GDC inachimba visima vya mvuke. Usishuke kwa sababu simu imekuonyesha kamstari. Nenda na mtu anayejua, nenda mkiwa kikundi, na waambie watu wa nyumbani mtarudi saa ngapi. Simu ina kazi moja nzuri sana hapo: washa ile sehemu ya kurekodi njia unapoanza, ili ukitaka kurudi ufuate nyayo zako.

Lakini sasa, wewe unayeiamini simu kupita kiasi, nisikilize pia. Ramani ni habari ya siku ile iliyochorwa. Nakuru tuna ushahidi mkubwa kuliko wote, ziwa lenyewe. Karibu mwaka 2010 Ziwa Nakuru lilikuwa na kilomita mraba kama 40. Miaka kumi baadaye lilikuwa limepita 60. Lilimeza barabara ndani ya mbuga, likameza lango kuu la zamani, na upande wa Mwariki likawakuta watu majumbani. Ramani iliyochorwa kabla ya hapo inakuonyesha nchi kavu mahali ambapo leo kuna maji. Njia ya mwaka 2009 ukiifuata leo utahitaji mtumbwi.

Kuna pia ua wa mbuga. Ukiangalia kwenye simu, kilomita mraba 188 za kijani zimekaa hapo kando yetu, na mgeni anaweza kudhani atakatiza. Ule ni ua wa stima, ndani kuna nyati, simba na faru. Hakuna mkato hapo.

Na kuna vitu ambavyo hakuna setilaiti itaviona. Mvua kubwa ikinyesha, ardhi ya upande wetu hupasuka na kudidimia, na njia ya jana inakuwa shimo la leo. Mto Njoro ukijaa, kivuko cha mawe ambacho watoto wanaruka kwenda shule kinakuwa mtego. Kuna kichochoro ambacho saa nne asubuhi ni salama kama sebuleni kwenu, na saa nne usiku hata boda anakataa. Programu itakuambia hicho ndicho kifupi. Kifupi kwa mita, ndiyo. Kwa mwanamke anayetoka shifti ya usiku, njia fupi ni ile yenye taa na vibanda vilivyo wazi, hata kama inaongeza dakika kumi.

Kwa hiyo ni nani anajua hayo yote? Mama mboga anayejua maji yanapita wapi. Mzee wa nyumba kumi. Watoto, ambao wanajua kila tundu la kila ua. Ujuzi upo, tena mwingi. Shida ni kwamba umekaa vichwani, na ukiwa vichwani hauwezi kumsaidia dereva wa gari la wagonjwa, wala hauwezi kupelekwa mbele ya kaunti.

Watu wengine wameshafanya hii kazi, hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. OpenStreetMap ni ramani ya bure ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na mtu yeyote anaweza kuihariri, vile watu wanahariri Wikipedia. Mwaka 2009 Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni, mtaa wenye watu wengi hivyo unaonekana kama uwanja. Ndipo mradi wa Map Kibera ukaanza. Vijana kumi na watatu wa pale pale Kibera walipewa vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro vyao, wakaweka njia, vyoo, maji, zahanati na shule. Walioshika kifaa walikuwa wenyeji. Na Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora maeneo yanayofurika, pamoja na mitaro na njia za ndani, ili mvua ikija watu wajue maji yatakwenda wapi. Jina lenyewe linapendeza: ramani iliyo huru.

Kama Kibera na Dar wameweza, sisi kinachotushinda ni nini? Tangu Desemba 2021 tunaitwa jiji. Jiji gani ambalo njia zake za miguu hazijulikani?

Najua mapingamizi, acha niyajibu.

"Tukijichora tutabomolewa." Hofu hii ni ya kweli na siidharau, kwa sababu Kenya tumeona tingatinga zikija usiku. Lakini nauliza, mitaa iliyobomolewa ilibomolewa kwa sababu vijana wake waliiweka kwenye ramani? Mwenye tingatinga hahitaji OpenStreetMap, ana picha za angani na hati zake. Asiye na ramani ni sisi. Siku ya kikao cha kutoa maoni ya umma, haki ambayo Katiba ya 2010 imetupa, ukisimama kusema "tunataka taa na daraja la miguu," utaambiwa asante, keti. Ukisimama na ramani inayoonyesha njia, kivuko, shule mbili zinazotumia kivuko hicho, na mahali ambapo hakuna taa, angalau itabidi wakujibu.

"Utawaonyesha wezi njia." Wezi wanazijua, ndugu yangu. Wamezaliwa hapa kama sisi. Asiyezijua ni mgeni, muuguzi, dereva, na mtoto aliyehamia juzi. Hata hivyo hapa nakubali kuna mpaka. Hatuchori jina la mtu, hatuandiki nani anaishi ploti gani, hatuweki nyumba ya mama anayeishi peke yake. Tunachora njia, kivuko, maji, choo cha umma, shule, kituo cha afya. Kitu ambacho mpita njia angekiona kwa macho. Kikizidi hapo, kiache.

"Simu itanyakuliwa." Ni kweli, usitembee ukiwa umeitoa kama tochi. Ndiyo maana nasema kupanga ni nyumbani, kutembea ni kwa macho. Angalia ramani kabla ya kutoka, kariri kona tatu, weka simu mfukoni. Ukihitaji kuangalia tena, ingia dukani, nunua hata peremende, angalia hapo. Na kama hutaki kutembea na simu, kuna njia ya zamani: chapisha ramani kwenye karatasi pale kwa saiba, tembea na kalamu, chora, kisha mwenye kompyuta aingize jioni. Hata mwenye mulika mwizi anaweza kushiriki hivyo.

Sasa ya kufanya, kwa wale ambao wako tayari:

Moja, fungua akaunti ya OpenStreetMap. Ni bure. Anza na ploti mpaka stage, hizo njia unazozijua ukifumba macho.

Mbili, kama una simu ya Android, jaribu programu ya StreetComplete. Inakuuliza maswali madogo ukiwa umesimama hapo hapo: hii njia ina lami au ni udongo? Ina taa? Hapa kuna ngazi? Unajibu, inaingia kwenye ramani. Huhitaji kujua kuchora.

Tatu, hakikisha njia imeunganishwa na nyingine. Kumbuka pengo la mita moja.

Nne, weka majina yote mawili, lile la serikali na lile la mtaani. Mtu anatafuta kwa jina analolijua.

Tano, usiandike usichokiona. Ramani mbaya ni mbaya kuliko ramani tupu, kwa sababu tupu angalau haikudanganyi. Njia ikifungwa na mwenye shamba, itoe. Mvua ikila kivuko, kibadilishe wiki hiyo hiyo.

Sita, tembeeni wawili au watatu, mchana, na mkaribishe mzee wa nyumba kumi ajue mnafanya nini. Kijana anayezunguka vichochoro akitazama simu na kuandika anaweza kueleweka vibaya haraka sana. Msalimie mama mboga, mweleze, muulize maji hupita wapi. Atakufundisha zaidi ya setilaiti.

Nawajua vijana wa hapa. Tunaweza kukaa saa tatu kupanga video ya sekunde thelathini. Saa moja ya Jumapili inatosha kuweka vichochoro vya nyumba yako na vya jirani. Wakifanya hivyo watu ishirini kwa mwezi mmoja, Rhonda itakuwa imechorwa kuliko mitaa ya matajiri ya Milimani, ambako watu hawatembei hata kwenda dukani.

Mimi nimeanza na njia ya kutoka kwetu hadi kivuko cha mto. Upande wa pili bado ni mweupe kwenye ramani. Kama unaishi huko, hiyo sehemu ni yako.